Nilivyoshindwa Kupika Chakula Kibaya

Mwezi uliopita nilikabidhi mwiko. Mgongo ulikuwa ukinionya tangu mwaka jana nami nikijitia sisikii, mpaka siku moja niliinama kupuliza moto nikabaki nimeinama vile vile hadi adhuhuri. Sasa nina nafasi. Nanyi wenzangu wadogo mnaopika katika majumba ya watu, kuanzia Changamwe hadi Mikindani, mmekuwa mkiniuliza kazi hii ilikuwaje zamani. Habari za mishahara sitawaandikia, zinachosha, na vyeo hatuna: mpishi huingia jikoni akiwa mpishi na hutoka akiwa mpishi mwenye mgongo mbovu. Nitawaandikia nilichokipika na nani alikila, na ile mara moja niliyotaka kuharibu chakula kwa makusudi, nikajaribu kwa nguvu zangu zote, nikashindwa.

Mimi ni wa Likoni. Mume wangu alipofariki, mwaka wa arobaini, nilivuka nikaja Changamwe kutafuta kazi, nikaambiwa kuna nyumba karibu na stesheni inataka mtu wa jikoni. Ilikuwa nyumba ya Bwana Athmani, muuza boriti, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuwa amefiwa na mkewe na kuachiwa mtoto mmoja tu, Zuhura, wa miaka kumi na mmoja. Bwana Athmani aliniuliza kama najua kupika. Nikasema najua. Kweli nilikuwa najua kupikia watu wawili, mmoja wao mgonjwa, tena hakuwa akila.

Jikoni nilimkuta Bi Kibibi, mpishi wa nyumba ile tangu enzi za babake Bwana Athmani. Alikuwa mzee kiasi cha kumwita bwana wetu "mtoto yule". Hakuniuliza nimetoka wapi wala nimepika wapi. Alinipa mbuzi ya kukunia nazi, akanipa nazi nne, akakaa kuniangalia. Nilipomaliza aliviokota vifuu kimoja kimoja akavichungulia.

"Umewata nazi humu," akasema.

"Imebaki kidogo tu, Bi."

"Hiyo kidogo ndiyo chakula cha mtu wa sita."

Sikumwelewa. Nilimwelewa siku ya tatu, treni iliposimama.

Nyumba ile ilikuwa na ugonjwa wake, nao ni wageni. Bwana Athmani hakuweza kumwona mtu akipita na njaa, wala hakuweza kumwona akipita ameshiba. Treni ikifika yeye yuko barazani. Anayeshuka akithubutu kumwamkia, amekwisha kuwa mgeni. "Karibu, karibu, chakula ki tayari!" Chakula hakikuwa tayari hata siku moja. Na kuja jikoni kuuliza kuna nini hakuweza, maana mgeni angesikia akajiona mzigo. Kututajia idadi ya watu hakuweza vile vile, kwani kwetu watu hawahesabiwi kwa sauti. Ni kama kuwatakia wapungue. Basi alikuwa akipita karibu na dirisha la jiko na kukohoa. Kikohozi kimoja, mgeni mmoja. Vikohozi vitano, wageni watano. Kikohozi kirefu cha kukwaruza, mgeni ni shehe au ni mtu wa serikali, utoe sahani za kaure.

Bi Kibibi alinifundisha kazi yote juu ya vikohozi hivyo. Alikuwa na kabati la mbao lenye wavu, na ndani yake hapakukosekana vitu vinne: wali wa jana, papa mkavu, kunde, na chochote kilichobaki cha muhogo. Aliniambia nisijiulize kamwe nitapika nini. Nijiulize kipi kinaiva upesi, nikiwashe, halafu ndipo nifikiri. Kunde zilizochemshwa jana zinataka tui tu na kitunguu, ziko tayari kabla mgeni hajamaliza kunawa. Papa humwagiwa maji ya moto mara mbili, chumvi itoke, ukamchambua kwa vidole, ukamkaanga na ndimu. Papa mmoja wa kiasi cha kiganja hulisha watu wanne ikiwa wali ni mwingi. Wali wa jana ukiwa mkavu, unyunyizie ukwaju uliolowekwa, uutie katika mafuta yenye kitunguu kilichogeuka rangi, ufunike. Ukiwa mchache, uuponde na unga wa mchele na tui, uukaange vipande vipande, useme ni vibibi vya nyumba hii. Mkate uliokauka husimama tena ukiwekwa juu ya mvuke. Na tui: zito la wageni, la pili la kunde, la tatu la sisi wenyewe, ambalo kwa kweli ni maji yaliyosikia habari za nazi.

Siku yangu ngumu ya kwanza ilikuwa wakati wa vita. Bi Kibibi alikuwa amekwenda mazishini Jomvu Kuu, nami nimebaki peke yangu, nikijivuna. Asubuhi nikamsikia bwana anapita dirishani na kukohoa. Nikahesabu sita. Akarudi, akakohoa tena. Nikafika kumi na nne. Nilipofika thelathini na moja niliacha kuhesabu nikaanza kung'oa muhogo wote uliokuwa nyuma ya nyumba. Nikaazima sufuria mbili kwa jirani. Nikaumaliza unga, nikazimaliza kunde, nikakuna nazi mpaka vidole vikatoka damu. Nilipoingia barazani na sinia la kwanza nilimkuta Bwana Athmani amejifunika shuka, peke yake, macho mekundu, anapenga makamasi.

"Wageni wako wapi, Bwana?"

"Wageni gani?" akasema, akakohoa mara nne.

Mtu mwingine angecheka au angenifukuza. Yeye aliliangalia sinia, akaliangalia lile jingine nililoliacha mlangoni, akaona haya kwa niaba ya chakula. Akasimama na homa yake, akatoka njiani. Hadi alasiri alikuwa amewaleta wafanyakazi wa reli ishirini na zaidi, na wauza kuni wawili, na mtu aliyekuwa akienda mazishini yale yale ya Jomvu. Nao wakila, yeye akikohoa, nami jikoni nimeziba masikio.

Bi Kibibi alifariki kabla vita havijaisha. Aliniachia ungo wake na upawa wake. Nilimlilia kama mama, wallahi, na nikabaki na jiko zima. Mchele ulikuwa umeadimika. Tulikuwa tukipewa unga wa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ambao watu waliuchukia hata kuutaja. Niliutia katika kila kitu. Nilitengeneza uji, nikatengeneza mikate ya kumimina, nikauchanganya na muhogo uliopondwa nikakaanga. Hapo ndipo nilipoimudu kazi hasa, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine.

Vita vikaisha, unga wa manjano haukuisha, na Zuhura akawa msichana wa miaka kumi na saba. Ndipo alipokuja Bwana Mselem.

Bwana Mselem alikuwa muuza papa wa Jomvu Kuu, mtu mnene, mpole, aliyefiwa na mke miaka mingi nyuma na kukaa na mamake, Bi Rukia. Alikuja kununua boriti za kuezekea ghala. Ilikuwa adhuhuri, na bwana wetu akakohoa mara moja. Nilikuwa na wali wa jana na kipande cha papa. Nikaufanya ule wali wa ukwaju. Sahani ilirudi imefutwa, nikadhani imekwisha oshwa. Bwana Mselem alinunua boriti kumi akaenda zake.

Wiki ya pili alirudi kununua boriti mbili. Wiki ya tatu, moja. Akaendelea hivyo, boriti moja kila wiki, kila mara adhuhuri, mpaka watu wa Jomvu wakawa wanauliza ghala gani hilo. Alipozijaza boriti uani kwake hata mbuzi wake hawakuwa na pa kulala, alikosa kisingizio. Siku hiyo alikuja na mamake, wakakaa, wakala, na Bi Rukia akasema maneno marefu juu ya nyumba njema, na mikono ya binti wa nyumba, na upweke wa mwanawe. Kwa desturi mposaji haji mwenyewe, hutuma wazee. Lakini huyu alikuwa amekwisha kuwa mgeni wa kila wiki, basi kila mtu alijifanya hajui kwamba yumo chumbani.

Sasa nyinyi mnajua, lakini nitalisema kwa atakayesoma asiye wa kwetu: katika nyumba yenye msichana aliyefikia kuolewa, chakula kinachowekwa mbele ya wageni husemwa kimepikwa na yeye. Kila mtu anajua si kweli. Zuhura hakuwahi kuwasha moto maishani mwake. Alikuwa akija jikoni kula ukoko na kunichekesha.

Siku ile alikuja hakuchekesha. Alikaa juu ya gunia la mkaa na nguo yake safi.

"Bi Mishi, watakuja tena Ijumaa tatu hizi kabla baba hajawapa jawabu. Nipikie kibaya."

"Nini?"

"Hao husema nimepika miye. Basi wakila kibaya watasema msichana huyu hajui kitu, watakwenda zao."

"Mwambie babako hutaki."

"Nimemwambia. Yuwalia tu. Umewahi kumsikia baba akimwambia mgeni la?"

Nilifikiri kwa haki. Sikuwahi. Nikamwambia aniombe jambo lolote, nitamfulia, nitamsukia mkeka, lakini asiniombe kutoa chakula kibaya katika jiko la Bi Kibibi.

"Amemzidi baba miaka miwili," akasema. "Nitamwita nani, Bi Mishi? Mume au ami?" Na machozi yakamtoka.

Mtoto yule nilimpenda. Nilikuwa nimemlea tangu kumi na mmoja, nami sikujaliwa wangu. Bwana Mselem hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonitia hofu: ni rahisi sana kumwoza msichana kwa mtu asiye na ubaya. Nikasema haya.

Ijumaa ya kwanza nilimkaanga papa bila kumwagia maji, na chumvi yake yote, nikasonga ugali wa unga wa manjano nikauepua ukiwa bado una madonge mabichi ndani. Nilisimama nyuma ya pazia la ukumbi kusikiliza. Halafu nikamsikia Bi Rukia akiomba maji, na tena maji, na sauti yake ikatoka nyembamba:

"Mashallah. Chumvi imekolea."

"Imekolea sana," akasema Bwana Mselem. Sinia likarudi halina kitu.

Nilijua desturi, msidhani sikuijua. Mgeni hatii kasoro chakula alichowekewa, na anayeposa ndiyo kabisa. Lakini nilidhani kila kitu kina mpaka. Ijumaa ya pili nilichukua wali wa jana, nikatia sukari, nikatia papa, nikatia majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa asubuhi. Rangi yake sitaki kuikumbuka. Bwana Mselem alikitazama kwa muda, akauliza kwa adabu chakula hiki kinaitwaje. Bwana Athmani, jasho linamtoka, akajibu kwamba ni chakula cha ukoo wao tangu mababu.

"Ah," akasema Bi Rukia. "Ndiyo maana sikukijua." Akaomba aongezewe, ili mababu wa Bwana Athmani wasione wamedharauliwa. Na alipokuwa akienda alimwita Zuhura chumbani akamshika mikono, akamwomba amweleze kinavyopikwa. Maskini mtoto alisimama pale akibuni. Nilimsikia akisema majani ya chai yalowekwe siku tatu.

Ijumaa ya tatu sikujihurumia. Nilikuwa na kopo la nyama alilotuachia mgeni mmoja askari, na papai bichi, na maziwa ya kopo, na mkate wa juzi. Nilivichemsha vyote pamoja na ndimu kumi. Paka alikuja, akanusa, akaniangalia kwa masikitiko, akatoka. Nikapeleka. Walikula wote. Walisifu wote. Bi Rukia alisema katika umri wake wote hajapata kula kitu kama hiki, na hakusema uwongo. Bwana Mselem akaomba apakiliwe kidogo cha nyumbani.

Jioni ile Bwana Athmani aliingia jikoni. Katika miaka yangu yote pale hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Alitafuta pa kukaa, akakipindua kinu, akakaa juu yake, magoti yakamfika mashavuni.

"Bi Mishi," akasema, "sitaki kumwoza mwanangu."

"Basi waambie, Bwana."

"Nitawaambiaje? Mtu amekula vitu vile. Mbele ya macho yangu, Bi Mishi! Amekula, akasifu, akabeba na cha nyumbani. Angekula pilau ningeweza kumkataa. Mtu aliyekula vile vya leo nimkatae na nini?" Akaufuta uso kwa kanzu. "Nimeahidi jawabu Ijumaa, baada ya sala. Nitasema ndiyo. Sijui kusema jingine."

Akatoka. Nikabaki nimesimama na upawa mkononi. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya: kila tonge baya nililolitoa lilikuwa limefunga fundo jingine, na nilikuwa nimemfunga Zuhura mwenyewe kwa mikono yangu. Sikumwambia. Sikuweza. Nililia juu ya kunde, tena zilikuwa kunde nzuri.

Ijumaa ile ya nne nilipika vizuri. Niliona kama kitakuwa chakula cha msiba basi kiwe chakula. Sikuwa na kitu kipya: wali wa jana, papa, kunde, nusu ya muhogo. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa, tui zito juu, ukwaju, kitunguu kilichogeuka rangi. Halafu nikafanya jambo ambalo mpishi hafanyi. Sikumpa mtu sinia. Nililibeba mwenyewe, nikajitanda kanga, nikaingia ukumbini kwa wageni.

Bwana Athmani alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Bi Rukia akatia tonge mdomoni, akafumba macho.

"Mashallah," akasema. "Mikono ya Zuhura hii."

"Si ya Zuhura," nikasema. "Ni yangu miye, Bi. Na vile vingine vitatu vilikuwa vyangu. Vilikuwa vibaya, navyo nilivifanya vibaya makusudi, mwende zenu. Msichana hataki. Nisameheni."

Nilijua kazi yangu imekwisha, hilo nililijua tangu mlangoni. Nilichokuwa sijui ni kama nimemwokoa mtoto au nimemvunjia jina.

Bwana Mselem ndiye aliyesema kwanza, akiangalia mkeka.

"Nilijua vilikuwa vibaya, Bi Mishi. Lakini…" Akamtazama mamake.

"Sema tu, mwanangu," akasema Bi Rukia.

"Sina la kusema, mama."

"Miaka arobaini huna la kusema!" Bibi yule mwenye umbo dogo alijinyoosha akawa mkubwa. "Yuwataka kusema vilikuwa vibaya lakini vilishinda vya nyumbani. Kwani miye sina ulimi? Sijui kupika. Nimejua tangu nilipoolewa. Babake alisifu kila siku ya Mungu mpaka akafa, na huyu akaanza kusifu pale alipoishia mwenzake. Hakuna hata mmoja aliyenionea huruma akaniambia tia maji, punguza moto. Vile vya chai nilivipika nyumbani Jumapili. Alikula, akasema, mama, leo umejishinda!"

"Ulikuwa umejishinda," akasema Bwana Mselem kwa sauti ya chini.

Halafu akatugeukia, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja. Hakutaka kuoa. Alikuja siku ile kununua boriti, akala wali wa ukwaju, na tangu hapo hakupata usingizi mzuri. Aliona aibu kula katika nyumba ya mtu kila wiki bila sababu. Boriti zilipokwisha kumjaa uani, aliona heshima iliyobaki ni kuposa. Bwana Athmani naye akaruka, akasema hakutaka kumwoza hata dakika moja, ila aliona aibu kumkataa mtu aliyekula papai lile. Wakashikana mikono wakiombana msamaha, kila mmoja akisema kosa ni lake, mwingine akikataa, mpaka wali ukaanza kupoa nikawakumbusha wale.

Wakala. Na Bi Rukia, akiwa amekula nusu ya sinia, akasema kana kwamba anaomba chumvi:

"Basi posa imevunjika, na hapana chuki. Lakini, Bwana Athmani, tukuombe huyu mpishi."

Nilimtazama bwana wangu. Niliona mdomo wake ukijaribu. Nadhani alijaribu kweli. Midomo ilijikunja mahali pa kusemea la, ikakaa pale, ikatetemeka. Mwisho akakohoa mara moja.

Mimi ni mtu huru, ningeweza kusema sitaki, na sikutaka. Jiko lile lilikuwa langu. Lakini niliona jinsi walivyokaa wote wamesamehewa, na nikajua mtu mmoja akiondoka na aibu siku ile, ingemrudia Zuhura. Nikasema nitakwenda, wiki ijayo. Nyuma ya pazia nikasikia mtu akilia, na haikuwa furaha.

Siku ya kuondoka, Bwana Mselem alimtuma mtu na punda kuja kunichukulia sanduku. Mtu huyo akakaa barazani kungoja, maana Bwana Athmani alikuwa amekwisha kumkaribisha chakula. Nilikuwa nafunga ungo wangu na kamba, Zuhura akaingia jikoni, amejifunga kanga kiunoni.

"Bi Mishi," akasema, "moto huwashwaje?"

Miaka yote ile nilimlisha, na hakuna siku niliyomfundisha. Nikauweka ungo chini. Nikamwonyesha vifuu na makumbi, mahali pa kupulizia, mahali pa kuacha. Aliungua kidole hakusema. Akafungua kabati, akatoa wali wa jana na papa, akanikataza nisishike kitu. Nilikaa juu ya gunia la mkaa nikamwangalia akikosea kila jambo. Papa hakumwagia maji. Tui alilitia lote mwanzo, likakatika. Alipomaliza alinipakulia mimi kwanza, akakaa mbele yangu, uso mweusi kwa masizi, macho yamenikodolea.

"Kitamu?"

Mashallah ilikuwa imekwisha kufika ulimini, niliionja. Nikaimeza.

"Kibaya," nikamwambia. "Papa ana chumvi ya kuua, wali umeungua chini na juu ni wa baridi. Na moto wako ni wa kuchomea nyumba."

Nikaogopa nimemvunja moyo. Halafu akachukua sahani ya pili bila neno, akaenda nayo barazani kwa mtu wa punda. Nilimsikia mgeni akitafuna, akitafuna, na kuomba maji. Kisha sauti yake ikaja, ya mtu mwenye adabu zake zote:

"Mashallah, binti. Kitamu sana."

Zuhura alirudi jikoni mbio, ameshika mlango kwa mikono miwili, meno yote nje.

"Yuwasema urongo, Bi Mishi!"

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Lete sufuria. Mwagia papa maji."